Maudhi Hutangulia, Nafuu Hufuata

Miongoni mwa dawa ambazo tabibu humkabidhi mgonjwa, ni chache zinazomdai subira kabla ya kumpa faida kama zile zinazotibu sonona. Kwani mtu aliyeanza dozi ya malaria hutaraji, na ni haki yake kutaraji, kwamba baada ya siku tatu atakuwa na nguvu za kurudi shambani, na aliyemeza kidonge cha maumivu ya jino huona taathira yake kabla jua halijachwa, ilhali yule aliyeanzishiwa amitriptilini au fluoksetini hupitisha juma la kwanza na la pili akiwa na kinywa kikavu au kichefuchefu, kizunguzungu au ukosefu wa usingizi, huku simanzi iliyompeleka hospitali ikiwa palepale ilipokuwa. Kwa mwenyeji wa mjini Morogoro, anayeweza kupanda daladala akarudi kuuliza, hali hiyo ni usumbufu. Kwa mama wa Kinole, au kwa kijana wa Nyandira kule Mgeta, ambaye nauli ya kushuka mlimani na kupanda tena hutoka katika mauzo ya ndizi au ya kabichi, hali hiyo aghalabu huwa ndiyo mwisho wa tiba. Anaacha vidonge, anasema dawa za hospitali zimemzidishia maradhi, na kwa ushahidi alio nao mwilini mwake hajasema uwongo. Safu hii nimeikusudia kueleza kwa nini mambo hayo yanakwenda hivyo, ni kwa namna gani jamii mbalimbali za dawa hizi hutenda kazi na kuudhi, na kwa nini, kwa rai yangu, dawa ya kumpa mtu wa Uluguru haiwezi kuchaguliwa vema na asiyeuliza anaishi wapi, anafanya kazi gani na anameza nini kingine.

Sonona ninayoizungumzia ni maradhi yenye mipaka yake kwa matabibu: jitimai, au kutopata ladha ya jambo lolote, kwa muda usiopungua wiki mbili na karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, mwili kuishiwa nguvu, fikra kuwa nzito, mtu kujiona hana thamani, na pengine kutamani mauti. Walakini mgonjwa hafiki zahanati akiyapanga mambo hayo kwa utaratibu huo. Hufika akisema mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, nina mawazo mengi. Basi hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupimwa presha, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, na miezi hupita kabla ya mtu yeyote kumwuliza analala vipi na kama bado hufurahi kuwaona wanawe. Vipimo ni vya lazima, kwa kuwa upungufu wa damu na udhaifu wa tezi ya thairoidi huweza kujivika sura hiyohiyo. Kosa ni kusimama hapo.

Ubongo hufanya kazi kwa chembe za neva ambazo, kwa sehemu kubwa, hazigusani. Baina ya chembe na chembe pana ufa mwembamba mno, na habari huuvuka ufa huo kwa kemikali ambazo chembe ya kwanza huzimwaga na vipokezi vya chembe ya pili huzidaka. Zinazotuhusu hapa ni tatu, nazo ni serotonini, noradrenalini na dopamini. Kemikali hiyo ikisha kutoa habari yake haiachwi kutuama: pampu zilizomo katika ukuta wa chembe iliyoimwaga huirudisha ndani, na humo ndani kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi huivunjavunja. Mkulima wa Mgeta aliyezoea kugawana maji ya mfereji na jirani zake ataelewa mara moja, kwa maana maji yaliyokwisha kufika kwenye tuta lake la mboga yana njia mbili za kupotea, ama aliye juu ayageuze yarudi upande wake, ama jua na udongo viyanywe, na anayetaka tuta likae na maji kwa muda mrefu zaidi hana budi kuziba mojawapo ya njia hizo. Jamii ya kwanza ya dawa za sonona huzuia kuvunjwa kwa kemikali. Jamii nyingi zilizofuata huzuia kurudishwa kwake, na tofauti baina yao ni pampu ipi inayozibwa, na ni vitu gani vingine vinavyoguswa bila kukusudiwa. Maudhi mengi ya dawa hizi yanatoka katika kugusa huko kusikokusudiwa.

Chanzo cha jamii hiyo ya kwanza kilikuwa kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa mapafu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, ambayo ni ndugu wa damu wa ile isoniazidi inayotolewa hadi leo katika vituo vya kifua kikuu nchini Tanzania, walichangamka kupita kiasi cha kupona kwao, na watu waliokuwa wamekata tamaa ya maisha wakaanza kula, kucheka na kucheza ngoma wodini. Mwaka 1957 tabibu Nathan Kline akaonyesha kwamba dawa hiyo huwafaa wenye sonona hata kama mapafu yao ni mazima, na ikajulikana kuwa nguvu yake imo katika kukizuia kile kimeng'enya. Lakini iproniazidi ilidhuru ini, na ndugu zake waliofuata wakaonekana kuwa na ila nyingine iliyobainishwa mwaka 1963 na Barry Blackwell huko London: mgonjwa aliyekula jibini iliyokomaa, au chakula na kinywaji kilichochachuka, alipandwa na shinikizo la damu kwa ghafla hata pengine akafa, kwa sababu kimeng'enya kilekile kilichozuiwa ubongoni ndicho ambacho tumboni huivunja tiramini iliyomo katika vyakula hivyo. Katika nchi ambayo vinywaji vya kuchachusha ni sehemu ya ngoma na harusi, dawa ya namna hiyo haina mahali pake, nami sioni sababu ya kuisikitikia. Nitaitaja mara moja tena mbele, kwa kuwa tabia yake imetuingilia kwa mlango mwingine.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 kulikuwa na jambo la pili, lenye kugusa miti ya kwetu. Reserpini, iliyotolewa katika mimea ya jamii ya Rauvolfia, ambamo umo msesewe ambao magome yake Wachagga huyatia katika mbege, ilitumika hospitalini kushusha shinikizo la damu. Ikaonekana kwamba baadhi ya walioimeza waliangukia katika huzuni nzito, na wanyama waliopewa walikutwa akiba yao ya serotonini na noradrenalini imekwisha. Dawa moja ilizuia kemikali zisivunjwe na watu wakachangamka, nyingine ilizimaliza na watu wakanyong'onyea. Kutokana na mambo hayo mawili ikajengwa nadharia kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Nadharia hiyo ilifaa sana kutafutia dawa, lakini haitoshi kuyaeleza maradhi yenyewe, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff na kuchapishwa mwaka 2022 hayakukuta ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu kuliko wengine. Isitoshe, pampu huzibwa ndani ya saa chache tangu kumeza kidonge, ilhali moyo huanza kufunguka baada ya wiki mbili, nne, pengine sita. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wingi wa kemikali katika ufa ni mwanzo tu wa safari: vipokezi vinavyodhibiti umwagaji wake huzoea polepole, kisha chembe hubadili utendaji wake na kuotesha maungano mapya, na kazi hiyo ya ujenzi haiharakishwi. Hapo ndipo penye siri ya subira niliyoitaja mwanzoni, maana vipokezi vya mate, vya utumbo na vya mishipa ya damu huguswa usiku uleule wa kwanza, lakini ujenzi wa ubongoni unataka majuma. Maudhi hutangulia, nafuu hufuata. Na mgonjwa asiyeambiwa mpangilio huo atauona kuwa ni uthibitisho kwamba amepewa sumu.

Jamii ya pili, iitwayo ya pete tatu kwa umbo la kemikali yake, ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyotumika zaidi na kwa muda mrefu zaidi katika hospitali zetu. Roland Kuhn, tabibu wa hospitali ya maradhi ya akili ya Münsterlingen nchini Uswisi, alikuwa akijaribu dawa ya kampuni ya Geigy kwa matumaini kwamba itawatuliza wenye skizofrenia; haikuwatuliza, lakini alipowapa wenye sonona mwaka 1956 aliona wamerudi kuzungumza na kula, naye akalitangaza jambo hilo mwaka 1957. Dawa hiyo ni imipramini. Amitriptilini ikafuata mwaka 1961, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo. Huziba pampu ya serotonini na ya noradrenalini kwa pamoja, na kwa nguvu ya kutibu haijapitwa hata leo. Ila yake ni kwamba hugusa mengi: huziba vipokezi vya asetilikolini, ndipo kinywa hukauka, choo kikawa kigumu, macho yakashindwa kusoma maandishi ya karibu na mkojo ukazuilika, huziba vipokezi vya histamini, ndipo usingizi huja na unene ukafuata, huziba vipokezi vinavyoibana mishipa ya damu, ndipo shinikizo hushuka mtu anaposimama.

Sasa tumchukue mkulima wa Matombo na kumtia katika maudhi hayo. Kutwa anapalilia katika mteremko ambao mgeni hawezi hata kuusimamia, ameinama na jembe la mkono; akiinuka ghafla, damu haiwahi kupanda kichwani, huona giza, na pale aliposimama hapana uwanda wa kuangukia. Huyu hana haja ya hotuba. Ana haja ya kuambiwa kabla hajatoka mlangoni kwamba kwa wiki za kwanza ainuke kwa vituo, achuchumae kwanza, ashike shina la mgomba, kisha ndipo asimame, na asubuhi aketi kitandani kidogo kabla ya kutoka nje. Mzee mwenye tezi dume, ambaye tayari huamka mara nyingi usiku, anaweza kuzibwa mkojo kabisa, hivyo ni vema apewe dawa nyingine. Dereva wa bodaboda anayetelemka na abiria katika njia za milimani kwa utelezi wa asubuhi asimeze kidonge usiku wa manane, bali mapema baada ya chakula cha usiku, ili uzito wa usingizi uwe umepungua kabla hajawasha pikipiki, na katika siku za mwanzo, au dozi inapopandishwa, asiendeshe. Na kwa Waislamu walio wengi katika vijiji vya huko na mjini, mwezi wa Ramadhani haumlazimishi mgonjwa kuiacha dawa inayomezwa mara moja usiku. Lakini kinywa kikavu juu ya saumu ni mtihani wa pili, na ni haki yake kuujua mapema ili ashauriane na tabibu wake badala ya kuacha kimyakimya.

Kuna jambo moja ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine yote juu ya amitriptilini, nalo ni kipimo chake. Kwenye bahasha ndogo ya dawa huandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", na kidonge kilichomo aghalabu ni cha miligramu 25. Kiasi hicho, na hata cha 10, huwafaa wenye maumivu ya neva, kama wagonjwa wa kisukari wanaochomwachomwa nyayo, na wenye kuumwa kichwa kwa muda mrefu. Lakini sonona ya mtu mzima kwa kawaida hutaka dozi ipandishwe polepole hadi 75, pengine 100 au 150, kwa uangalizi. Mgonjwa aliyeachwa katika 25 kwa miezi sita amepata maudhi yote ya dawa bila tiba yake, kisha huandikwa katika daftari kwamba dawa imeshindwa. Dawa haikushindwa, haikupewa. Na kinyume chake nimeona pia, kwamba mwenye kisukari aliyepewa kidonge kwa ajili ya nyayo zake huambiwa na jirani kuwa hiyo ni dawa ya wendawazimu, akaitupa shimoni, kwa sababu aliyempa hakumweleza kwamba dawa moja huweza kuwa na kazi mbili.

Hatari kubwa ya jamii hii haimo katika matumizi ya kila siku. Ikimezwa kwa wingi kwa mara moja huvuruga umeme wa moyo hata moyo ukasimama, na wanaopewa ni watu walewale ambao baadhi yao wanatamani kufa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekiri fikra hizo apewe vidonge vichache kwa kila ziara, au vikae mikononi mwa ndugu, na aliyemeza vingi akimbizwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anaonekana mzima. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu chake cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nawasihi ndugu wasiache hofu ya sheria iwacheleweshe, maana katika sumu hii saa moja ni nyingi.

Jamii ya tatu ilitokana na nia ya kuziba pampu moja tu na kuviacha vipokezi vingine kwa amani. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly waliitangaza fluoksetini katika miaka ya 1970, ikaruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987 kwa jina la Prozac, na mwaka 2007 ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndugu zake ni setralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini. Hizi hazikaushi kinywa wala haziangushi mtu mlimani kama zile za pete tatu, na ziada yake ikimezwa haiui kwa wepesi. Lakini serotonini haiko kichwani peke yake. Sehemu iliyo kubwa kabisa imo tumboni, ndiyo maana juma la kwanza huja na kichefuchefu na kuharisha, na huja pia na kuumwa kichwa, kutotulia na kukosa usingizi, kiasi kwamba fluoksetini humezwa asubuhi. Maudhi hayo mengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lisiloisha kwa wepesi ni lile ambalo watu wetu hawalitaji: hamu ya tendo la ndoa hupungua, na mwanamume au mwanamke hukawia au hushindwa kabisa kufikia kilele. Mume wa Kiluguru hatamwambia hayo binti mdogo anayegawa dawa dirishani, ataacha dawa tu. Kwa hiyo mhudumu ndiye anayepaswa kuanza kuuliza, kwa adabu na faraghani, kwa sababu kupunguza dozi au kubadili dawa huweza kulitatua.

Kwa vijana pana onyo la pekee. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona ziandikwe onyo kwamba kwa watoto na vijana huweza kuzidisha fikra za kujiua katika majuma ya mwanzo, na mwaka 2007 onyo hilo likasogezwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Mzumbe au wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayeanza dawa anastahili kuonwa tena baada ya wiki moja, na mtu mmoja anayelala karibu naye awe na habari. Onyo hilo halimnyimi kijana tiba. Sonona isiyotibiwa nayo ni hatari. Na kwa umri wowote, kabla ya kuanza, aulizwe kama amewahi kupitia majira ya kutolala bila kuchoka, kusema mno, kutapanya fedha na kujiona mkubwa kupita kiasi, kwani mwenye maradhi ya namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake huweza kurushwa katika wazimu wa furaha.

Jamii nyingine nitazipitia upesi, maana ni adimu katika vituo vya mkoa. Venlafaksini na duloksetini huziba pampu mbili kama zile za pete tatu bila kugusa mengi. Ya kwanza hupandisha shinikizo la damu, ya pili husaidia maumivu ya neva. Mirtazapini haizibi pampu hata moja, hufanya kazi katika vipokezi, huleta usingizi na hamu ya kula, ikamfaa aliyekonda na asiyelala. Bupropioni haiharibu tendo la ndoa lakini huweza kuamsha degedege. Ketamini, ambayo wauguzi wetu wa chumba cha upasuaji wanaijua kwa usingizi wa kupasulia, imeonekana kuinua moyo kwa saa badala ya majuma, na mwaka 2019 namna yake moja ikaruhusiwa Marekani kwa sonona sugu. Ni tiba ya hospitali kubwa yenye uangalizi, wala asijaribu mtu kuitafuta vinginevyo. Nazo valiamu na ndugu zake, zinazonunuliwa madukani ili mtu apate kulala, si dawa za sonona. Hutuliza usiku mmoja na hufunga mtu katika uraibu, jambo ambalo dawa nilizozitaja hazilifanyi kwa namna hiyo, ingawa zikikatwa ghafla nyingi zao huleta kizunguzungu, wasiwasi na hisia kama za umeme kupita kichwani.

Dawa humkuta mgonjwa akiwa tayari na dawa nyingine mkobani. Mkulima mwenye mgongo mbovu humeza diklofenaki karibu kila wiki. Ikichanganywa na fluoksetini, hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka, na choo cheusi kama lami ni dalili ya kukimbilia hospitali. Tramadoli ikikutana na dawa za serotonini huweza kuleta mzidisho wa kemikali hiyo, nao hujitokeza kwa jasho, mtetemo, joto la mwili na kuchanganyikiwa, dalili ambazo Morogoro zitaitwa malaria kabla ya kuitwa kitu kingine chochote. Linezolidi, inayotumika katika kifua kikuu sugu, ina tabia ya kukizuia kile kimeng'enya cha zamani, na huu ndio mlango mwingine nilioutaja: wagonjwa wa mapafu walitupatia dawa ya kwanza ya sonona, na leo dawa ya mapafu inatuonya tuwe waangalifu na za sasa. Rifampisini nayo hupunguza amitriptilini katika damu. Na mseto wa malaria, ambao kila nyumba inaujua, unabeba onyo la watengenezaji kwa wanaomeza dawa za pete tatu, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Simwambii mtu aache kutibu malaria. Namwambia ataje vidonge vyake vyote kwa mhudumu kabla ya kupokea kingine.

Wenye kifafa wana hesabu yao. Dawa za pete tatu hushusha kizingiti cha degedege, nayo fenobabitoni huzimaliza upesi mwilini. Ni salama zaidi kuwapa ya jamii ya tatu kwa dozi ndogo. Nalitaja hili kwa sababu mkoa huu una historia ya pekee: huko Mahenge, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, tabibu mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro, na wagonjwa waliokuwa wametengwa na jamaa zao wakapata vidonge vya kila siku kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya majaribio ilikuwa Kilimanjaro na Morogoro, na fikra yake ilikuwa kwamba mgonjwa atibiwe zahanati ya karibu kuliko kusafirishwa hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba tiba ya muda mrefu ya akili haiwezekani vijijini. Imekwisha kuwezekana hapahapa.

Je, dawa hizi zafaa kweli? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Andrea Cipriani na wenzake uliokusanya majaribio 522 na watu 116,477, na dawa zote 21 zilizopimwa zilishinda kidonge kisicho na dawa, amitriptilini ikiwa ya mbele kwa nguvu. Ushindi wenyewe ni wa wastani: kwa makadirio ya jumla, katika watu 100 wenye sonona ya kadiri au kali, 50 hivi hupata nafuu kubwa kwa dawa, ambapo kwa kidonge kitupu wangepata 35 hadi 40. Ni faida ya kweli kwa maradhi yanayoua, na ni sababu ya kutozigawa ovyo kwa kila mwenye huzuni. Sonona nyepesi haitaki kidonge kwanza. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kwamba vikundi vya wanakijiji vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, vikikutana kila wiki kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Na sioni kwa nini wanawake wa ukoo mmoja wa Kiluguru, wanaorithishana ardhi upande wa mama na kukutana kwa kila jambo, washindwe kufanya hivyo.

Yamebaki masika. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za milimani huteleza, na mgonjwa aliyepaswa kufuata dawa zake tarehe fulani huenda asifike. Hapa fluoksetini ina fadhila ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa ufupi lakini kwetu ni kubwa: yenyewe na zao lake mwilini hukaa kwa siku nyingi, hata wiki, hivyo aliyekosa vidonge kwa siku chache haanguki kama angeanguka kwa paroksetini au venlafaksini. Tiba yenyewe inatakiwa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kujisikia mzima, maana yake ni kwamba karibu kila mgonjwa wa mlimani atapita katika masika akiwa dawani. Kwa hiyo rai yangu ni hii: fluoksetini iwe katika vituo vya afya vya Mgeta, Matombo na Mkuyuni, nayo iwe chaguo la kwanza kwa wenye kazi ya miteremko, kwa wazee, kwa wenye kifafa na kwa wenye fikra za kujiua, amitriptilini ibaki kwa wasiolala, kwa wenye maumivu ya neva na kwa wasiofaidika na ile ya kwanza, ikipewa kwa kipimo kinachotibu, vidonge vya miezi miwili vitolewe kabla ya mvua kwa mgonjwa aliyetulia, na kwenye ile bahasha ndogo, chini ya "1x1", mhudumu aandike tarehe ambayo nafuu inatarajiwa kuanza, aisome kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu aliyemsindikiza, na amwambie asiache kabla ya kurudi kuuliza.